Safu ya Tatu

Saa kumi na moja na nusu, Ipogolo,
milima bado imejitanda ukungu hadi kidevuni,
nami nimevaa masweta mawili ndani ya ovaroli.
Landkruza ya kwanza imesimama, paa lake la kufunguka,
wageni sita ndani, wamevaa rangi ya vumbi
kabla hawajaliona vumbi.
"Kamwene, Faines. Jaza. Na yale madumu ya nyuma."
Kalinga hashuki; lita anazihesabu kwa sikio.
Mia na thelathini na nane.
Naandika. Daftari lina safu mbili:
lita, shilingi.

Siitukani dizeli, nisije nikala kiapo cha uongo.
Dizeli imemvusha Erasto kidato cha nne,
imeezeka bati nyumba ya mama kule Idodi,
imempa Kalinga kiwanja Mkimbizi.
Wauza vitunguu wa njia ya Tungamalenga,
wafua mashuka wa kambini,
binti anayekaanga maandazi hapa pembeni,
sote tunanyonya mpira huu mmoja.
Ukikunjwa, kimya.

Ofisini meneja amebandika karatasi:
mstari mwekundu, juu yake neno UKUAJI,
unapanda toka kushoto kwenda kulia
kama lori linaloipanda Kitonga.
Naijua Kitonga. Nimeipanda nyuma ya lori.
Wa mbele huona kilele;
moshi ni wa anayefuata.

Agosti alikuja kijana wa Mkwawa, Ambilikile,
na kishikwambi na maswali yake arobaini.
Akasema lita moja ya dizeli ikiungua
hutoa hewa ukaa kilo mbili na nusu na ushee.
Nikacheka. Lita yenyewe haifiki kilo!
Nimebeba madumu miaka sita,
mgongo wangu ndio mizani.
Akasema: haiondoki peke yake, dada,
inajishikiza na hewa tunayovuta,
inakwenda nayo.

Siku ile sikula maandazi.
Nilikuwa nazidisha kwenye kiganja:
gari moja la Kalinga, safari moja,
magunia matatu na nusu
ya kitu kisichopikika.

Mama hupiga simu usiku.
Zamu yake ya maji ilifika saa nane,
maji yakaja hadi kwenye kifundo, yakachoka.
Mpunga umekuwa njano kabla haujabeba.
Nimwambie nini?
Kwamba mto ukikauka ndipo tunapopata?
Maana ndivyo ilivyo kalenda ya pampu:
masika nasukwa nywele kazini;
kiangazi, Ruaha unapobaki vidimbwi,
viboko wakabanana topeni kama viazi chunguni,
simba akaacha kuwinda, akangoja tu penye maji,
vichaka vikavuliwa majani, hakuna pa kujificha,
ndipo wageni wanapomiminika.
Kalinga anauita msimu wa neema.
Mama, mwezi huohuo, ana neno lake la Kihehe
ambalo silitafsiri mbele ya wateja.

Jana niliweka rula kwenye daftari
nikapiga mstari mmoja zaidi.
Safu ya tatu. Sikujua niiite nini.
Akaja Kihwele wa mahesabu, miwani puani:
"Na hii ya nini?"
Nikamwambia kalamu imeteleza.
Imetelezaje imenyooka hivyo, hakuuliza.

Ndege ndogo ikapita juu, inaelekea Msembe.
Tukainua macho sote, hata yeye,
mafuta ya maandazi yakaungua kidogo.
Kisha Landkruza nyingine.
Nikafuta kioo kwanza, wageni waone vizuri.
Lita tisini na mbili.
Nikaandika lita, nikaandika shilingi,
kalamu ikasogea kulia yenyewe,
ikasimama.